Kisanduku cha kufanyia kalibresheni ya mita ya mtiririko bila kuing'oa bombani: kosa liko kwenye mita au kwenye nyaya?

FundiAla aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninafanya matengenezo ya vyombo vya upimaji katika eneo la viwanda la Chang'ombe, na kwa muda sasa nimekuwa nikiunda kisanduku cha kumwezesha fundi kufanya kalibresheni (kulinganisha usomaji na kipimo cha kuaminika) ya mita ya maji ikiwa bado imefungwa bombani, badala ya kuifungua na kuipeleka maabara huku uzalishaji umesimama. Kisanduku kinasoma kwa pamoja mapigo ya umeme yanayotoka kwenye mita (kila pigo ni kiasi fulani cha maji), mkondo wa umeme wa miliampea 4 hadi 20 unaopeleka usomaji kwenye paneli, na uzito wa tangi lililowekwa juu ya mizani ya kielektroniki.

Mita ninayoifanyia majaribio ni ya sumakuumeme (inapima kasi ya maji kwa uga wa sumaku), ya milimita 50, kwenye bomba la PVC. Maji yakishuka kwa mvuto kutoka tangi la juu, mita inasoma zaidi ya mizani kwa takriban nusu asilimia, na tofauti hiyo haibadiliki kila ninaporudia. Lakini pampu inapoendeshwa na draivu ya mota (kifaa cha kubadilisha kasi ya mota), usomaji unayumba hadi asilimia mbili juu na chini. Je, nipunguze kizidishi cha mita (namba ambayo mita huzidishia usomaji wake) kwa hiyo nusu asilimia? Kuyumba huko kunatoka kwenye mita au kwenye nyaya? Na kifaa hiki kinaweza kusajiliwa kama uvumbuzi?

MizaniYaHaki alijibu:

Ndugu FundiAla, hongera kwa kazi hii, na nakuomba sana usiguse kizidishi cha mita. Nina shaka kubwa kwamba unahesabu kilo moja ya maji kuwa lita moja. Hesabu hiyo inakaribia ukweli kwa maji ya nyuzi 4 za Selsiasi, na maji ya matangi yetu hapa Dar es Salaam hayafiki baridi ya namna hiyo hata mwezi wa saba. Kwa nyuzi 29, mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa kilo 996 hivi. Zaidi ya hapo, hewa inayabeba maji kidogo, kwa hiyo mizani iliyorekebishwa kwa mawe ya chuma husoma pungufu kwa takriban asilimia 0.1. Ukiyaweka yote mawili katika hesabu, mizani inapoonyesha kilo 500, tangi lina lita 502.5. Hiyo ndiyo nusu asilimia yako, na mita haina hatia. Weka kipimajoto ndani ya maji na uingize marekebisho hayo kwenye programu ya kisanduku.

Angalia pia idadi ya mapigo. Ikiwa mita inatoa pigo moja kwa kila lita, basi katika lita 500 kukosa pigo moja mwanzoni au mwishoni ni kosa la asilimia 0.2, ambalo linatosha kuharibu kalibresheni nzuri. Dawa inayojulikana ni kutumia saa mbili: moja inapima muda kutoka pigo la kwanza hadi pigo la mwisho lililokamilika, nyingine inapima muda ambao maji yalikuwa yakiingia tangini, kisha uwiano wa nyakati hizo mbili unakupa sehemu ya pigo iliyokosekana.

NyayaNaErthi alijibu:

Mimi nichangie upande wa umeme. Katika mita ya sumakuumeme, volti inayopatikana kwenye elektrodi (vipande vya chuma vinavyogusa maji ndani ya mita) hutegemea nguvu ya uga wa sumaku, kipenyo cha bomba na kasi ya maji, na kwa bomba dogo kama lako mara nyingi haifiki hata milivolti moja. Michael Faraday alijaribu kuipima volti ya namna hiyo katika mto Thames, kwenye Daraja la Waterloo, mwaka 1832, na hakufanikiwa, ingawa wakati huo hapakuwa na draivu ya mota jirani inayotoa kelele za umeme. Ndiyo maana ninasema kwamba kalibresheni isianze kabla nyaya hazijathibitishwa: ukibadilisha kizidishi ili kufidia kelele, siku kelele ikiondoka mita itabaki na uongo uliouandika wewe mwenyewe.

Fanya hivi. Tumia menyu ya mita kuilazimisha itoe miliampea 12, ambayo ni katikati kabisa ya kipimo, kisha soma mkondo kwenye paneli, kwanza pampu ikiwa imezimwa, halafu ikiwa inazunguka. Mkondo ukiyumba, kosa liko kwenye kebo ya kwenda paneli: itoe kwenye tranki (mfereji wa kupitishia nyaya) yenye nyaya za mota, na skrini yake (ganda la chuma linalozunguka nyaya za ndani) uifunge erthi upande mmoja tu. Ukitulia, kelele inaingilia upande wa elektrodi.

FundiAla:

Nawashukuru wote. Nimefanya jaribio la miliampea 12, na paneli imetulia hata pampu ikizunguka kwa kasi ya juu, ilhali kioo cha mita yenyewe kinayumba maji yanapopita. Hesabu ya joto nayo imeondoa karibu tofauti yote ya maji ya mvuto.

NyayaNaErthi:

Basi tazama flenji zako, yaani maungio ya mita na bomba. PVC haipitishi umeme, kwa hiyo maji yako hayajaunganishwa na mwili wa mita. Weka pete za erthi (pete za chuma zinazogusa maji) pande zote mbili za mita, uziunganishe na kituo cha erthi cha mita kwa waya mfupi wa shaba, ndipo urudie jaribio la uzito pampu ikiendeshwa na draivu.

HakiMiliki_Posta alijibu:

Kuhusu usajili: kwa Tanzania Bara hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, na pia kuna njia ya ARIPO, shirika la hakimiliki la kikanda barani Afrika, lenye makao yake Harare. Kinachotakiwa ni kitu kipya, kisicho dhahiri kwa mtaalamu wa fani hiyo, na kinachoweza kutumika viwandani. Kupima kwa uzito na saa mbili ni mbinu za zamani, lakini hilo lisikuvunje moyo: mhandisi Clemens Herschel alipata hataza ya mita ya Venturi (inayopima mtiririko kwa bomba lililobanwa katikati) nchini Marekani mwishoni mwa miaka ya 1880, ingawa Venturi mwenyewe alikwisha kuchapisha kanuni yake mwaka 1797. Kwako wewe, kiini cha dai lako la uvumbuzi kingeweza kuwa katika namna kisanduku kinavyotenganisha kosa la mita na kosa la nyaya ndani ya jaribio moja, bila kusimamisha kiwanda. Eleza hilo kwa usahihi, na usiweke mchoro wa sakiti hapa kabla ya kuwasilisha maombi, kwa sababu kuutangaza hadharani kunaweza kuondoa upya wake. Mawe ya kuhakikia mizani yako yapelekwe maabara ya ugezi (sayansi ya vipimo) ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na iwapo mita inatumika kuuzia maji, uhakiki wake unabaki kuwa kazi ya Wakala wa Vipimo.