Fundi aliniuzia laptopu isiyo na diski, akanificha kwamba kazi zangu zote zinakaa kwenye RAM

Ndugu wanajukwaa, asalaam aleikum. Naandika nikiwa na hasira, lakini nitalieleza jambo lenyewe kwa utaratibu ili atakayenihukumu anihukumu kwa haki.

Mimi huchapa barua, hati za makubaliano na katiba za vikundi katika kibanda changu hapa Mwembe Tayari. Mwezi uliopita nilinunua laptopu ya mtumba yenye RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 8, ambayo diski yake ilikuwa imekufa na kutolewa. Fundi akaniambia nisijali, kwani ameiwekea Debian, mfumo endeshi wa aina ya Linux, kwenye flashi, na mfumo mzima hunakiliwa kwenye RAM wakati wa kuwaka, hata flashi yenyewe waweza kuichomoa. Hapo hakusema uongo, wala sitamsingizia: neno toram likiongezwa kwenye mstari wa kuwashia (amri ambazo kompyuta husoma inapowaka), mfumo wote huhamia kwenye RAM, na programu hufunguka upesi ajabu. Akazidi kujisifu kwamba haishiki virusi, kwa kuwa "kila ukizima inarudi mpya". Nami nikamshukuru!

Kwa siku kumi na moja sikuizima. Jioni nilifunga kifuniko, asubuhi nikakifungua na kukuta kazi zangu palepale, kwa sababu laptopu iliyolala huendelea kuipa RAM umeme kidogo. Nilihifadhi kila ukurasa niliouandika. Jina la faili lilionekana kwenye folda, na hakuna ujumbe wowote ulionitahadharisha kwamba folda yenyewe imo ndani ya RAM. Usiku wa kumi na moja stima ikapotea tangu isha hadi alfajiri, na betri ni mtumba kama laptopu yenyewe. Kulipokucha nilichomeka flashi nikawasha. Lugha ilikuwa imerudi Kiingereza, Wi-Fi inadai nenosiri upya, picha ya Ngome ya Yesu niliyoipambia skrini haipo, na folda ni tupu.

Fundi alinijibu, "Kwani hukusevu?" kisha akanishauri nitafute programu ya kurudisha mafaili. Programu hizo hupekua mabaki yaliyobaki kwenye diski. Zipekue nini hapa, ikiwa RAM ikikosa umeme husahau yote iliyobeba?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa yake ilikuwa kazi ya dakika chache: kutenga sehemu ya flashi hiyohiyo, kuipa jina persistence, kuweka ndani yake faili la persistence.conf lenye mstari mmoja tu wa "/ union", na kuliongeza neno persistence kwenye mstari wa kuwashia, ili kazi zihifadhiwe kwenye flashi badala ya RAM. Flashi ingelazimika kubaki imechomekwa, na kuhifadhi kungekuwa kwa polepole kidogo, lakini ni nani angelalamika? Hata Puppy Linux, ambayo imejulikana tangu 2003 kwa kuendeshwa kwenye RAM, humwuliza mtu anapozima mara ya kwanza kama anataka faili la kuhifadhia kazi zake. Mfumo umemshinda fundi adabu.

Ijumaa wavuvi wa Likoni wanakuja kuchukua katiba yao ya kurasa 14, nami nimerudia hadi kifungu cha tatu. Mwenye kujua namna ya kumbana fundi asiyetoa risiti, tafadhali aniandikie hapa.