Burton, The Lake Regions of Central Africa (1860): nikague nini kabla ya kulipa?

MsomajiTanga

Wakuu, salaam. Natafuta toleo la kwanza la kitabu cha Richard Burton kuhusu safari yake na Speke ya 1857 hadi 1859, ile ya kutoka pwani hadi Ujiji kupitia Kaze, yaani Tabora. Kimechapwa London na Longman, Green, Longman, and Roberts mwaka 1860, juzuu mbili. Chapa ya 1961 yenye utangulizi wa Alan Moorehead ninayo, kwa hiyo ya kusoma ipo. Sasa nataka yenyewe.

Kuna seti mbili kwa wauzaji wawili wa Uingereza na bei zinakaribiana.

Seti A: imejalidiwa upya kwa ngozi nusu (mgongo na pembe tu ndizo za ngozi), migongo ina nakshi za dhahabu, inavutia sana. Maelezo yanasema "ramani ipo, picha za rangi 11".

Seti B: jalada la kitambaa la mchapishaji. Ilikuwa mali ya maktaba, ina mihuri kadhaa, mgongo wa juzuu ya kwanza umechanika kwa juu, ramani imechanika kwenye mikunjo. Muuzaji anasema ni kamili.

Nichukue ipi? Nitathibitishaje kwa picha za simu tu? Na hapa Tanga, kwa unyevu huu, nitaitunzaje?

UziNaGundi

Mkuu, A iache. Toleo hilo lina picha 12 za rangi za ukurasa mzima, ramani moja ya kukunjwa, na michoro 22 ya mbao ndani ya maandishi. Mwenye 11 ana kitabu pungufu, hata migongo ikimeremeta vipi. Picha iliyotoka haipatikani peke yake kirahisi, na anayeiuza peke yake kwa kawaida ameinyofoa kwenye kitabu kingine.

Jalada jipya lina tatizo jingine. Mjalidi wa zamani alipojalidi upya alipitisha kisu kwenye kingo zote tatu ili zilingane. Hapo ukurasa hupungua milimita kadhaa, na maneno yaliyo chini kabisa ya picha yanaweza kukatwa nusu. Kurasa za jina fupi, zile za mwanzo zenye jina la kitabu bila mchapishaji, mara nyingi zilitupwa, na matangazo ya mchapishaji ya mwishoni yalikwenda nazo. Kwa vitabu vya Uingereza vya miaka hiyo, kitambaa cha asili, hata kikiwa kimechoka, hutafutwa kuliko ngozi iliyowekwa baadaye.

Kuhusu B, neno "kamili" la muuzaji halitoshi. Mwombe picha hizi, zote kwenye mwanga wa dirishani, bila flashi:

1. Ukurasa wa jina wa kila juzuu. Mwaka uwe 1860 kwenye zote mbili.
2. Orodha ya picha iliyochapwa mwanzoni, kisha kila picha ya rangi pamoja na ukurasa unaotazamana nayo. Orodha ndiyo shahidi wako, wala usitegemee hesabu ya mtu mwingine.
3. Ramani ikiwa imekunjuliwa yote, mbele na nyuma, na pale ilipobandikwa kwenye kitabu.
4. Ukurasa wa mwisho wa maandishi: 412 kwa juzuu ya kwanza, 468 kwa ya pili.
5. Migongo miwili ikiwa imesimama pamoja.

Hiyo ya tano watu huipuuza. Seti nyingi za juzuu mbili ni ndoa za dukani, ya kwanza imetoka nyumba hii na ya pili nyumba ile. Tazama kama rangi imefifia sawasawa, kama urefu unalingana, na kama lebo ya mmiliki ndani ya jalada ni ile ile. Kwa B mihuri itakusaidia: juzuu zote ziwe na muhuri wa maktaba moja na namba zinazofuatana. Omba pia uthibitisho kwamba maktaba iliziondoa kihalali, uwe muhuri wa kuondolewa au barua. Bila hiyo, usinunue.

KurasaZaKale

Naongezea kuhusu kuhakiki mikunjo, yaani mafungu ya kurasa yaliyoshonwa pamoja, maana kurasa zilizopungua katikati ndizo zinazowaumiza wengi. Tazama chini ya ukurasa wa kwanza wa kila mkunjo, kuna herufi ndogo. Karatasi kubwa ilikunjwa mara tatu ikatoa majani 8, yaani kurasa 16. Kwa vitabu vilivyokunjwa hivyo, herufi B huanzia ukurasa wa 1, C wa 17, D wa 33, na kuendelea. J, V na W hazitumiki, kwa hiyo kutoka I unakwenda K na kutoka U unakwenda X. Ikiisha Z, herufi zinaanza tena zikiwa mbili mbili. Mwombe muuzaji afungue kila herufi na kuthibitisha majani yake. Muuzaji wa kweli wa vitabu vya kale ataifanya kazi hiyo kwa nusu saa bila kununa. Akikataa, umeshapata jibu.

Juzuu ya pili kagua mwishoni kwa makini zaidi. Kuna viambatisho viwili: cha kwanza ni cha biashara, bidhaa zinazoingia na zinazotoka, na cha pili ni barua rasmi. Kurasa za mwisho ndizo hulegea kwanza uzi ukikatika. Na kwetu sisi hicho kiambatisho cha kwanza ndicho moyo wa kitabu: vitambaa vya amerikani na kaniki, shanga za samesame, vitu ambavyo mababu zetu walivishika na kuvifanyia hesabu. Kupoteza kurasa hizo ni hasara kuliko kupoteza picha.

Picha zenyewe zilichapwa kwa vibao vya mbao, kila rangi na kibao chake. Chukua kioo cha kukuza mara 10. Ya asili itakuonyesha maeneo ya rangi yaliyotulia na mistari ya kuchongwa, na pengine rangi moja imeteleza kidogo nje ya mpaka wake. Nakala ya kisasa inaonyesha vidoti vidogo vya samawati, pinki, njano na nyeusi vilivyopangwa kama maua. Ukiviona hivyo, picha imechapwa juzi na kupachikwa. Ramani nayo hughushiwa vivyo hivyo: karatasi nyeupe mno, mikunjo mikali isiyo na uchafu ndani yake. Ramani ya miaka zaidi ya 160 ina vumbi kwenye mikunjo, na mara nyingi kivuli chake kimehamia ukurasa wa jirani.

Usichanganye na chapa ya Harper ya New York. Hiyo pia ni ya 1860, lakini ni juzuu moja na haina picha za rangi. Wapo wanaoiandika "toleo la kwanza 1860" wakaishia hapo. Hachette ya Paris ilitoa tafsiri ya Kifaransa mwaka 1862, nayo ni chaguo zuri kwa wenzetu wa Bujumbura na Bukavu. Na mwenye kutafuta maandishi ya mwanzo kabisa, ripoti ndefu ya Burton ilitoka kwanza katika jarida la Royal Geographical Society, juzuu ya 29, ya 1859.

Ukiona "Penzer" kwenye maelezo ya muuzaji, ni orodha ya kazi za Burton iliyochapwa 1923. Kutajwa kwake hakuthibitishi kwamba seti iliyo mbele yako imetimia.

BahariNaKaratasi

Mimi sikubaliani na UziNaGundi kwamba kitambaa kinashinda ngozi nusu siku zote. Kwa mtu wa pwani anayetaka kitabu cha kufunguliwa, ngozi nusu iliyotimia ni imara kuliko kitambaa chenye mgongo uliochanika. Lakini iwe imetimia, na A haijatimia, kwa hiyo kwa seti hizi mbili tunafika mahali pamoja.

Ramani ya B isikutie hofu. Kuchanika kwenye mikunjo ni kawaida, na inatengenezeka kwa vipande vyembamba vya karatasi ya Kijapani na gundi ya wanga wa ngano, vikibandikwa kwa nyuma. Swali la kumwuliza muuzaji ni moja: je, kuna selotepu? Gundi ya selotepu huingia ndani ya karatasi, ikawa ya kahawia, na kuitoa kunahitaji dawa na mkono wa mtaalamu. Mpasuko mtupu ni afadhali mara nyingi. Mgongo uache ulivyo. Ufunge kwa utepe wa pamba bapa ukae, usimpe fundi wa kujalidi madaftari.

Utunzaji Tanga: nunua kipima unyevu, uweke ndani ya kabati, siyo chumbani. Lenga asilimia 45 hadi 55. Ikikaa juu ya 65 kwa muda, kuvu itaota, ikianzia kwenye gundi ya mgongo na kitambaa. Kabati lisigusane na ukuta wa nje, acha sentimita 5 hewa ipite. Tumia sanduku la kadibodi isiyo na asidi kwa kila juzuu. Silika jeli, zile punje zinazofyonza unyevu, inafaa ndani ya chombo kinachofunga vizuri, lakini ina usumbufu: ikilowa unaikausha kwenye oveni na kuirudisha. Kwenye kabati lenye mianya inajaa kwa siku chache na haikusaidii tena.

Kitabu kikifika, kikae peke yake mwezi mmoja kabla ya kuungana na vingine. Ukiona unga laini chini yake au vitundu vipya, kifunge ndani ya mifuko miwili ya plastiki, toa hewa, weka kwenye friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ukikitoa, usifungue mfuko kabla ya saa 24, la sivyo unyevu wa hewa utageuka matone ya maji juu ya jalada. Nafthalini usiweke kabisa, ina madhara kwako na harufu yake haitoki kwenye karatasi.

MsomajiTanga

Shukrani sana wakuu. A nimeiacha, na wa B nimemwandikia kuhusu mihuri, mikunjo na selotepu. La mwisho: nimwambie afungashe vipi, na forodhani niandike nini?

UziNaGundi

Kila juzuu ifungwe peke yake kwa karatasi laini isiyo na asidi, kisha plastiki ya mapovu, mapovu yakitazama nje. Yakigusana na kitambaa kwenye joto la ghala huacha alama za duara. Juzuu mbili zikae katikati ya vipande viwili vya kadibodi ngumu vilivyozidi ukubwa wake kwa sentimita 2 kila upande, kwa sababu pembe ndizo huumia zikianguka. Juu yake boksi lenye kuta mbili, lililojazwa hadi lisitikisike. Ramani ibaki imekunjwa kama ilivyokunjwa mwaka 1860; asijaribu kuigeuza.

Ankara iwe na jina kamili la kitabu, mwaka 1860, idadi ya juzuu na bei halisi. Kwenye orodha ya namba za bidhaa za forodha, vitabu vya kawaida viko chini ya 49.01 na vitu vya kale vilivyopita miaka 100 chini ya 97.06. Mwaka ukiwa umeandikwa wazi, wakala wako atakuwa na cha kuonyesha. Usikubali ankara ya bei ya chini "ili ipite": mzigo ukipotea, bima italipa kilichoandikwa.