Binti yangu yuko mwaka wa pili California na bado hajaingia saikolojia. Nielewesheni

Mama Tudor aliandika:

Assalam aleikum, na wasiokuwa Waislamu hamjambo.

Naomba mwenye kuyajua mambo ya vyuo vya Marekani anieleweshe, maana nyumbani kwangu yamezuka maneno. Binti yangu alikwenda kusomea saikolojia kwenye chuo kimoja cha serikali huko California. Juzi kanitumia transkripti, nikaona palipoandikwa kozi hapasemi saikolojia moja kwa moja, pamewekwa kwamba yuko hatua ya awali. Nikampigia baada ya isha, kwao asubuhi. Akanambia, "Mama, bado sijatangaza kozi. Mpaka nimalize masomo ya utangulizi na alama zitoshe, ndipo idara inichukue."

Babake ameshikilia kuwa tumedanganywa. Hapa kwetu Kenya mtoto akipangiwa saikolojia na KUCCPS, wale wanaowagawia wanafunzi vyuo, ni saikolojia tangu siku ya kwanza. Mimi nauza leso Biashara Street na faida yote inaishia kwenye karo yake, basi sioni haya kuuliza.

Alama zake ni hizi: utangulizi wa saikolojia A, biolojia B, takwimu C-. Mbinu za utafiti hajaruhusiwa kuchukua mpaka takwimu ikae sawa. Je, atafukuzwa? Viza yake je? Na mimi mzazi nifanye nini hasa?

Mwana wa Kibokoni alijibu:

Waaleikum salaam, mama yangu. Nimesoma saikolojia hukohuko Marekani, nikapitia mlango huohuo, na sasa nafanya ushauri nasaha hapa Mombasa. Hamkudanganywa. Mwambie baba atulie.

Vyuo vingi vya kule humpokea mwanafunzi chuoni kwanza, halafu idara ndiyo humpokea baadaye. UCLA, chuo kikubwa kabisa, nao huwaanzisha wanafunzi wa saikolojia kwenye hatua ya awali. Saikolojia inapendwa mno kule, na idara inataka kuhakikisha kabla ya mwaka wa tatu kwamba mtu anaweza kuhimili takwimu na utafiti, kwa sababu masomo ya juu yote ni kusoma tafiti na kuzipima. Anayedhani saikolojia ni kukaa na kumsikiliza mtu tu hukwama hapo.

Sasa tutazame alama zake, kwa kuwa shida haipo pale mnapodhani. Kule A ni 4.0, B ni 3.0, C- ni 1.7. Kama masomo hayo matatu yana krediti sawa, yaani uzito sawa, wastani wake ni 2.9. Huo si wastani wa kufukuzwa. Kinachomzuia ni somo moja. Idara nyingi zinataka C kamili kwa kila somo la utangulizi, na C- haihesabiki hata wastani ukiwa mzuri vipi. Kwa hiyo atahitaji kurudia takwimu, au kuchukua nyingine ambayo idara inaikubali.

Hapo ndipo nataka asikimbilie. Vyuo havifanani: kwengine alama mpya hufuta ile ya zamani, kwengine zote mbili huhesabiwa. Akirudia akapata B na ile ya kwanza ikafutwa, wastani unapanda hadi 3.3. Zikihesabiwa zote, anabaki palepale 2.9. Ni tofauti kubwa kama idara ina kiwango cha wastani. Vilevile aulize kama kuna kikomo cha kurudia, na mwisho wa kutangaza kozi ni baada ya krediti ngapi. Majibu yamo kwenye mwongozo wa chuo wa mwaka alioingia, si wa mwaka huu, kwani masharti hubadilishwa na kwa kawaida mwanafunzi hufuata yale aliyoyakuta. Ausome, kisha aende kwa mshauri wa masomo wa idara ya saikolojia yenyewe. Yule wa chuo kizima hajui kila kitu cha idara.

Na asiichukue takwimu kwa mtindo wa kufaulu au kufeli bila alama ya herufi. Masomo ya utangulizi kwa kawaida lazima yawe na herufi. Nimeona wenzangu wakilia kwa hilo.

Ami Changamwe alijibu:

Shemeji, mtoto ahamie uuguzi. Kazi ipo hapa na ipo kule. Saikolojia akirudi Mombasa ataajiriwa na nani?

Mwana wa Kibokoni alijibu:

Ami, kwa heshima zako, uuguzi kule una mlango mwembamba kuliko huu, na takwimu mara nyingi imo humo pia. Asihame kwa sababu ya somo moja.

Kuhusu kazi, tangu 2014 Kenya ina sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia, na taaluma inasimamiwa na bodi. Digrii ya kwanza pekee haimfanyi mtu mwanasaikolojia wa tiba, si hapa wala Marekani, hilo mlijue mapema. Lakini uhitaji upo. Nenda hospitali ya Port Reitz, au kaa na familia zinazouguza vijana wa unga kule Kisauni, halafu uniambie hatuhitaji watu waliosoma haya. Mimi hili linaniuma.

Binti Likoni alijibu:

Mama Tudor, la viza. Kuwa hatua ya awali peke yake hakuvunji viza ya F-1, ile ya wanafunzi. La muhimu ni asome muda kamili, kwa digrii ya kwanza ni krediti 12 kila muhula. Basi akilemewa na takwimu asiangushe somo lolote kabla ya kuzungumza na afisi ya wanafunzi wa kigeni. Siku atakapotangaza kozi, awaulize pia kama I-20 yake, ile fomu aliyopewa na chuo kwa ajili ya viza, inahitaji kurekebishwa, sababu kozi imeandikwa humo. Nyingine: akitaka kurudia takwimu likizoni kwenye chuo cha jamii (community college) ili kuokoa pesa, tovuti ya ASSIST inaonyesha masomo ya vyuo hivyo yanayokubaliwa na vyuo vikuu vya serikali vya California. Lakini apate idhini ya idara kwa maandishi kabla hujalipa. Somo linaweza kukubaliwa na alama isiingie kwenye wastani wake.

Mama Tudor aliandika:

Mungu awalipe. Nimemsomea babake yote, kanyamaza, kisha kauliza takwimu ni nini hasa. Binti ameandika barua pepe kwa mshauri wa idara. Mwana wa Kibokoni, nikimpigia nimuulize au nisimuulize?

Mwana wa Kibokoni alijibu:

Muulize kama amekwenda kwa mwalimu wa takwimu saa zake za afisini, na kama chuo kina wasaidizi wa somo hilo. Mara nyingi ni bure. Usimuulize kila simu kama ameshaingia. Na mwambie hesabu ya 2.9. Huenda hajaipiga.