Mjadala: Makutano ya barabara Dodoma yapanuliwe au yabanwe?

Ndugu zangu wakazi wa Dodoma, naomba tujadili jambo ambalo mara nyingi tunalizungumza baada ya ajali tu. Foleni inapoanza kuonekana kwenye makutano ya barabara zetu, hoja inayosikika zaidi ni kwamba barabara zipanuliwe, kona ziongezwe upana, na waenda kwa miguu wajengewe madaraja ya juu. Msimamo wangu ni kinyume cha huo. Makutano yaliyo ndani ya jiji yabanwe, yaani ukingo wa kona usogezwe kuelekea barabarani, na anayevuka kwa miguu au kwa baiskeli awekewe njia salama palepale chini anapopita sasa.

Ubaya unaanzia kwenye kona. Simama mahali ambapo barabara ya njia nne inakutana na barabara ya mtaa, hasa saa ambayo wanafunzi wanatoka shuleni, umwangalie dereva anayekata kushoto. Kona ikiwa pana hana sababu ya kukanyaga breki, na macho yake yako kulia, yanatafuta upenyo kati ya magari yanayokuja, wakati anayevuka yuko kushoto kwake. Mama mwenye ndoo kichwani na mtoto mgongoni anashuka kwenye ukingo, anarudi nyuma bajaji ipite, anashuka tena, anarudi tena kwa sababu ya bodaboda, na mwisho anavuka kwa kukimbia. Vivuko vilivyochorwa rangi peke yake havimsaidii sana, kwa sababu rangi humwomba dereva apunguze mwendo, ilhali kona iliyobanwa humlazimisha.

Kona hiyohiyo ikibanwa, umbali wa kuvuka nao hupungua. Njia nne zenye upana wa mita 3.5 kila moja ni mita 14, na mzee anayetembea taratibu huhitaji zaidi ya sekunde 15 kuzimaliza huku akitazama magari ya pande zote mbili. Kikijengwa kisiwa katikati, chenye upana wa kumtosha mtu aliyesimama na baiskeli yake, mzee huyo huvuka mita 7, hupumzika, kisha hushughulika na upande mmoja uliobaki.

Wapo wanaosema dawa ni madereva kutii sheria. Sheria itiiwe, lakini mwendo ulioruhusiwa maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa, na hata huo ni mkubwa mno mahali ambapo watu wanavuka. Chukua gari lenye breki nzima kwenye lami kavu, na dereva anayechukua sekunde moja kushtuka. Akiwa katika mwendo wa kilomita 30 kwa saa, atasimama baada ya mita 13 hivi. Akiwa katika kilomita 50, katika mita hizo 13 atakuwa ndiyo kwanza anagusa breki, na atahitaji takribani mita 28 kusimama. Ndiyo maana Azimio la Stockholm kuhusu usalama barabarani, la Februari 2020, lilitaka kikomo cha kilomita 30 kwa saa mahali ambapo watembea kwa miguu, baiskeli na magari huchangamana. Kibao peke yake hakitoshi kuufikia mwendo huo. Umbo la barabara ndilo litakaloufikisha.

Wengine husema habari za baiskeli na kutembea ni za Ulaya. Hapana. Mpango kabambe wa makao makuu wa mwaka 1976, uliotayarishwa na kampuni ya Project Planning Associates ya Canada, uliifikiria Dodoma kuwa mji wa watu wanaotembea, wanaoendesha baiskeli na wanaopanda basi, huku gari binafsi likija baadaye. Wazo hilo lilikuwa letu kabla ya magari kuwa mengi. Tangu Serikali ianze kuhamia rasmi mwaka 2016 mji umekua kwa kasi, na sensa ya 2022 ilihesabu watu 765,179 katika Jiji la Dodoma. Wengi wao hawana gari. Na wauza mkaa wanaoingia mjini alfajiri na magunia nyuma ya baiskeli wanazitumia barabara hizi kwa kazi kama wanavyozitumia wenye malori.

Nikitaja malori nagusa hoja yenye uzito kuliko zote za upande wa pili. Dodoma iko kwenye njia ya Dar es Salaam kwenda Kanda ya Ziwa, na pia kwenye njia ya Iringa kwenda Arusha. Lori lenye tela haliwezi kukata kona ya mviringo mdogo. Jibu lake lipo la kiufundi. Sehemu ya ndani ya kona hujengwa kwa mawe, ikainuliwa kidogo, kiasi kwamba tairi la nyuma la tela linaipanda bila shida, lakini mwenye gari dogo anaikwepa. Zaidi ya hapo, barabara ya mzunguko wa nje yenye kilomita 112.3 imebuniwa kuyatoa malori ya safari ndefu katikati ya jiji, na haitakuwa na maana kuendelea kuzichora kona za mjini kwa ajili ya magari ambayo tumeyajengea njia nyingine.

Kuhusu madaraja ya juu, tuhesabu. Daraja lenye kimo cha mita 5.5 lina ngazi zisizopungua 30 kila upande. Ukitaka mteremko ambao mwenye kitimwendo anaweza kuupanda, kwa kiwango cha mita 12 za urefu kwa kila mita 1 ya kimo, unahitaji mita 66 kila upande. Muuza mkaa hatapanda, na mama niliyemtaja hatapanda pia. Watapita chini, kisha tutawalaumu.

Jambo linalonipa wasiwasi katika pendekezo langu mwenyewe ni maji. Mvua zetu ni za miezi michache lakini zikinyesha hujaza mitaro kwa ghafla, na kona iliyosogezwa barabarani bila kupitishiwa bomba chini yake itageuka bwawa. Kwa hiyo mhandisi wa mifereji awepo tangu mchoro wa kwanza. Vilevile makutano mengi yana wenyewe wawili, kwa kuwa barabara kuu ni ya wakala wa TANROADS na ya mtaa ni ya wakala wa TARURA, na wasipokaa meza moja na Halmashauri ya Jiji, kivuko kitaishia nusu ya njia.

Napendekeza tuanze na makutano machache yaliyo karibu na shule, kwa rangi na mapipa yaliyojazwa mchanga, kabla ya kumwaga zege. Mwendo wa magari yanayokata kona upimwe kabla na baada, na madereva wa malori na askari wa usalama barabarani waulizwe. Dar es Salaam ina mfano wa karibu: mpango wa SARSAI wa shirika la Amend, uliojenga njia za miguu, vivuko na matuta kwenye shule za msingi, ulishinda tuzo ya miji ya WRI Ross, inayotolewa na taasisi ya World Resources Institute, mwaka 2019, na haukuhitaji ujenzi mkubwa.

Limebaki swali ambalo ningependa wenye bodaboda na bajaji walijibu. Tukitenga njia ya baiskeli kwenye makutano, nao waruhusiwe kuitumia? Mimi nasema hapana, kwa sababu pikipiki yenye abiria wawili itamfukuza mtoto kwenye njia iliyojengwa kwa ajili yake. Lakini najua pia kwamba kuwaacha katikati ya malori ni kuwaweka hatarini, na sijasikia bado pendekezo linalowapa nafasi yao bila kuichukua ya mwenye baiskeli. Aliye nalo alilete, tulijadili.