Diski ya nyimbo imeanza kugonga, nina laki nne na nusu: ninunue ipi?

Mpiga Mziki wa Tabata

Wakuu habari za humu ndani. Napiga mziki kwenye shughuli: sendofu, kicheni pati, harusi, ubarikio, na kigodoro mfuko ukikauka. Vyombo vyangu vinahama na Kirikuu, leo Mbezi kesho Kigamboni. Nyimbo zote zipo kwenye hadi diski moja ya TB 1, ile ndogo inayokula umeme wa laptopu yenyewe. Kuna nyimbo kama 25,000 na video kama 6,000, maana siku hizi kumbi zina skrini na kamati inataka picha itembee. Imebaki nafasi ya GB 70 tu.

Sasa Jumamosi iliyopita maharusi wako mlangoni, MC ameshasimamisha ukumbi mzima. Nimebonyeza video ya wimbo wa kuingilia, imecheza sekunde ishirini hivi, kimya. Diski imepotea kwenye laptopu. Nachomoa, narudisha, nachomoa tena, huku MC anaomba vigelegele mpaka vimeisha koo. Nilipoinamisha sikio nikasikia tik... tik... tik. Ikarudi yenyewe baadaye. Mama yake bibi harusi alinitupia jicho ambalo nahisi liko na mimi hadi leo.

Nina 450,000. Nimewaza hivi: diski moja ya TB 4 nimalize kabisa, au SSD (ile isiyo na kinachozunguka ndani) ya TB 1. Halafu kuna kijana Kariakoo ananipa SSD ya TB 16 kwa elfu 60, anasema mzigo wa kontena. Natumia Windows, ila kumbi nyingine nakuta mashine za kuchomeka flashi moja kwa moja. Natanguliza shukrani.

Fundi wa Keko

Mkuu, kabla ya kununua nijibu: hizo nyimbo zipo sehemu nyingine yoyote?

Mpiga Mziki wa Tabata

Zipo hapo hapo tu kaka. Simu ina kama mia mbili.

Fundi wa Keko

Basi hiyo diski haifanyi tena kazi ya harusi kuanzia leo. Usiichomeke kujaribu jaribu. Huo mlio ni kichwa cha kusomea kinatafuta njia, kinaikosa, kinarudi mwanzo. Kila unapoiwasha unacheza bahati nasibu.

Azima diski yoyote yenye nafasi, anza na foleda ambayo ikipotea utalia: nyimbo za kuingilia, kwaya, zilipendwa ulizohamisha mwenyewe kutoka kanda. Singeli za mwezi huu utazipata tena, usianze nazo. Ikikwama kwenye faili moja, ruka, endelea. Anayejua Linux akusaidie na ddrescue, programu ya kuokoa data, hiyo inachota kwanza sehemu nzima halafu ndiyo inarudi kwenye mbovu. Usiruhusu Windows "irekebishe" diski kabla hujakopi. Na akija mtu hapa kukwambia uiweke kwenye friza, mwambie friza ni ya samaki. Unyevu ukiingia mle ndani umemaliza kazi.

Kirikuu Namba Saba

TB 16 kwa elfu 60 😂😂 hata maboga hayauzwi hivyo.

Bint Ilala

Msimcheke, wengi wameingia. Mimi niliwahi kufungua moja ya mteja. Kava la chuma zuri, linang'aa. Ndani kulikuwa na memori kadi ndogo ya simu imechomekwa kwenye kibao cha saketi, pembeni kipande cha chuma kimebandikwa gundi ili mkononi uone uzito. Ukiichomeka Windows inakuonyesha TB 16 kweli, kwa sababu kibao kimefundishwa kusema uongo. Unakopi, inapokea. Nafasi halisi ikijaa inaanza kuandika juu ya zile za mwanzo, au inazitupa tu. Majina ya nyimbo unayaona yote, ukibonyeza hakuna kitu.

Dawa yake ni programu ya bure inaitwa H2testw. Inajaza diski nzima halafu inasoma kila ilichoandika. Kwa diski ya TB 1 inayokwenda MB 100 kwa sekunde, kujaza ni karibu saa tatu na kusoma saa tatu nyingine. Iache usiku. Muuzaji asiyekubali kwamba utairudisha ikifeli, mwachie mzigo wake wa kontena.

Selekta Mstaafu

Mdogo wangu, nimepiga disko tangu enzi za kubeba kanda kwenye kreti la soda. Swali lako la TB 4 au SSD nalijibu hivi: usinunue kitu kimoja. Nunua viwili. Diski moja ya TB 4 ni balaa lile lile la Jumamosi, ila limenenepa.

Kwa kazi za ukumbini chukua SSD, na sababu si kasi. Video ya wimbo ya dakika nne ina kama MB 100, diski ya kawaida inaimaliza kwa sekunde moja. Sababu ni kwamba hadi diski ina sahani inazunguka mara 5,400 kwa dakika, na kichwa kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo kuliko unene wa unywele. Wewe unaiweka wapi? Juu ya meza, meza imeegemea besi. Au Kirikuu kinapita matuta ya uchochoroni huku haijamaliza kuzima. SSD haina kinachozunguka, ikianguka kutoka mezani unaiokota unaendelea.

Vijana hawaamini kwamba mziki wenyewe unaweza kuidhuru diski. Mwaka 2022 mhandisi wa Microsoft, Raymond Chen, alisimulia kwamba zamani kuna wimbo mmoja wa Janet Jackson uliokuwa unazimisha laptopu za aina fulani, hata laptopu iliyo jirani, kwa sababu sauti fulani ndani yake ililingana na mtetemo wa diski zile za 5,400. Kisa hicho kikapewa mpaka namba ya udhaifu wa usalama, CVE-2022-38392. Sasa wewe na singeli yako na besi mbili za inchi 18...

Kirikuu Namba Saba

Mzee hii ya Janet umetunga.

Selekta Mstaafu

Namba nimekuwekea. Kaitafute.

Dogo wa Mbagala

Naomba nitofautiane na wakuu kidogo. Diski ndogo ikikosa umeme wa kutosha nayo inagonga hivyo hivyo na kupotea. USB 2 kwa kawaida inatoa miliampia 500 tu, USB 3 inatoa 900. Huenda jamaa amechomeka kwenye kigawanyio cha USB pamoja na taa, kontrola na kipanya, tena kwa waya mrefu wa buku mbili. Kabla hamjaizika mbadilishie waya, aichomeke kwenye laptopu moja kwa moja, halafu afungue CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha afya ya diski kwa rangi, aone.

Fundi wa Keko

Dogo yuko sawa, nimewahi kukuta hivyo mara nyingi. Lakini akopi kwanza, apime baadaye. Waya mpya ndiyo autumie kukopia.

Mpiga Mziki wa Tabata

Duh. Kigawanyio nilikuwa nacho kweli, na taa ya meza ilikuwa humo humo. Nimeazima diski kwa shemeji, nimechomeka moja kwa moja, inakopi. Mwendo wa kobe, lakini inatembea. CrystalDiskInfo imenipa njano, kuna mstari wa sekta zinazosubiri (vipande vya diski vinavyogoma kusomeka) una namba badala ya sifuri.

Dogo wa Mbagala

Njano na hiyo namba, basi si waya peke yake. Pole mkuu. Mwendo wa kobe angalia tundu pia, la USB 2 halizidi sana MB 35 kwa sekunde, mzigo wako utachukua saa saba hata diski ingekuwa nzima.

Bint Ilala

SSD ya TB 1 itakutosha kwa shida, hilo ujue. Ya TB 1 Windows inaisoma GB 931, na wewe una karibu GB 860. Na SSD ukiibana mpaka mwisho inapunguza mwendo. Ila kaka, kwa usiku mmoja unapiga nyimbo ngapi? Themanini? Tisini? Zile nyingine zote unazibeba kwenye matuta za nini? Weka kwenye SSD zinazopigwa, zilizobaki zilale kwenye hadi diski ya TB 2 nyumbani. Hiyo ya kulala ndiyo mahali pake pa haki pa hadi diski: haitikisiki, bei nafuu, inawashwa Jumatatu tu kupokea vipya. SSD nayo usiifanye ghala, ikikaa miaka bila umeme inaweza kusahau, na ikifa mara nyingi haigongi wala haikuagi.

Selekta Mstaafu

Na hiyo ya kulala isipande Kirikuu hata siku moja. Kuna jamaa yangu aliibiwa begi ukumbini wakati anafunga spika. Diski zote mbili zilikuwa humo, kila moja kwenye mfuko wake mzuri. Mpe dada yako au mama akutunzie.

Malkia wa Kicheni Pati

Mimi napiga shughuli za kina mama, naongeza la flashi tu. Hizo mashine za ukumbini za zamani nyingi zinasoma flashi iliyoformatiwa kwa mtindo wa FAT32, ukiipeleka ya mtindo wa exFAT au NTFS inakuangalia tu. Windows nyingi kwa menyu yake ya kawaida haikubali kuformati FAT32 zaidi ya GB 32, kwa hiyo chukua flashi ya GB 32 yaishe. Weka nyimbo 300 za kuokoa jahazi: kuingia, keki, zawadi, kuserebuka, kufunga. FAT32 haipokei faili moja inayozidi GB 4, lakini hilo litakusumbua kwenye miksi ndefu za video tu. Yangu naivaa shingoni na kitambulisho. Laptopu ikizima nachomeka kwenye mashine, wageni hawajui kitu.

SSD yako iformati exFAT, siku ukiazima Mac ya mtu utaweza kuandika. NTFS Mac inasoma tu.

Dogo wa Mbagala

Nyongeza mbili za haraka. Diski mpya ipe herufi ile ile ya zamani kwenye Windows, kama ilikuwa E iwe E, la sivyo programu ya kupigia mziki itakwambia nyimbo zote hazipo. Na foleda ya programu iliyomo kwenye diski (VirtualDJ ina yake, Serato ina yake) ihame pamoja na nyimbo, usije ukaanza upya kupanga. Ukinunua dai risiti ya EFD. Ingawa dhamana inakurudishia diski, nyimbo haizijui.

Mpiga Mziki wa Tabata

Wakuu nimerudi. Nimechukua SSD ya TB 1 na hadi diski ya TB 2, nimebakiwa na hela ya flashi na waya. Muuzaji alinuna niliposema nitapima usiku kucha, mwisho akaandika kwenye risiti "itarudishwa ikifeli" na kugonga mhuri. H2testw imepita zote mbili.

Ile ya zamani imetoa karibu kila kitu. Video 41 zimekataa, nyingi ni za foleda moja ya kwaya, na nyimbo sita za taarabu nilizohamisha mwenyewe kutoka kanda za marehemu baba mdogo. Kanda zenyewe ziko Tanga, sijui kama bado zinazunguka. Nitamuuliza shangazi. Ya kulala iko kwa dada Ukonga, ndani ya kabati la vyombo vya wageni.

Jumamosi niko Kimara, wimbo wa kuingilia uko kwenye SSD, kwenye flashi na kwenye simu.

Kirikuu Namba Saba

Mkuu ile inayogonga ukiitupa nistue, mle ndani kuna sumaku kali balaa, nataka za kushikia spana.

Mpiga Mziki wa Tabata

Umechelewa. Mwanangu ameshaifungua, moja iko kwenye friji na hakuna anayeweza kuibandua.