Igizo likitungwa na kundi zima, nani huamua la mwisho?

Mwongozaji Chipukizi:
Ndugu zangu, kundi letu limekubaliana kutunga igizo bila kuanza na muswada. Kila mwigizaji huleta tukio au wimbo, tunaujaribu ubunifu huo papo kwa papo, kisha tunaangalia lipi libaki. Tumepata matukio ambayo hakuna hata mmoja wetu angeyaandika peke yake. Tatizo limejitokeza katika kuchagua, kwa kuwa kila tukio lina mwenyewe na kila mwenyewe ana hoja ya kulitetea, na sasa igizo ni refu na limekosa mwelekeo. Baadhi wanataka tupige kura, wengine wanasema niamue mimi, nami nachelea kuvunja moyo uleule ulioyazaa matukio hayo. Isitoshe, hatujaafikiana ni jina la nani litakaloandikwa kama mtunzi. Wenye uzoefu, mnafanyaje?

Mtunzi wa Tamthilia:
Msipige kura. Kura hubakiza matukio yanayopendwa, ilhali igizo linahitaji matukio yanayotegemeana, na mara nyingi kiungo muhimu ni tukio fupi ambalo hakuna anayelishabikia. Ningewashauri mtenganishe hatua. Kundi la Joint Stock la Uingereza, lililoanzishwa mwaka 1974, lilikuwa na utaratibu ninaouheshimu sana: waigizaji, mwongozaji na mwandishi walifanya utafiti na majaribio kwa pamoja, kisha mwandishi akajitenga kuandika, ndipo wote wakakutana tena kwa mazoezi. *Cloud Nine* ya Caryl Churchill, iliyoonyeshwa mwaka 1979, ilipatikana kwa njia hiyo. Waigizaji hawakupokonywa kazi yao, kwani walijua tangu mwanzo kwamba kipindi cha mtu mmoja kushika kalamu kingefika, na kwamba baada yake wangekuwa na nafasi ya kuyapima maandishi kwa miili na sauti zao. Ninaamini kinachowaumiza wenzako si kukatwa kwa matukio, bali kukatwa bila ya kujua mapema nani atakata na lini.

Mwalimu wa Sanaa za Maonyesho:
Nakubaliana na ndugu Mtunzi kuhusu hatua, ila sikubali kwamba kalamu lazima itangulie kujitenga. Kamiriithu, nchini Kenya, mwaka 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii walipeleka rasimu ya *Ngaahika Ndeenda* kwa wanakijiji, na wanakijiji wakaisahihisha: wakaeleza jinsi mzee anavyozungumza kwa kweli, wakaongeza nyimbo, wakafanya mazoezi hadharani ili kila apitaye aweze kutoa maoni. Hata ukumbi wa wazi, wenye nafasi ya watu zaidi ya 2,000, waliujenga wenyewe. Leseni ya maonyesho ilifutwa baada ya wiki chache tu, lakini namna ile ya kutunga ingali funzo kubwa kwangu. Mamlaka ya kusahihisha yalitokana na ujuzi wa jambo husika, wala si cheo. Basi, mwongozaji, kabla ya kukata tukio, muulize aliyelileta linabeba nini ambacho tukio jingine halikibebi. Akikosa jibu, mara nyingi atalitoa mwenyewe.

Mwigizaji Mkongwe:
Kuhusu majina, lizungumzeni wiki hii, kabla igizo halijaanza kusifiwa. *Sizwe Bansi Is Dead* ya Afrika Kusini, iliyoonyeshwa kwanza mwaka 1972, hubeba majina matatu: Athol Fugard, John Kani na Winston Ntshona. Fugard alikuwa tayari mwandishi mwenye sifa, na ingekuwa rahisi jina lake pekee libaki, lakini waigizaji wale wawili walikuwa wameitunga pamoja naye kwenye mazoezi. Andikeni daftari la mazoezi linaloonyesha nani alileta nini, na humo muwataje pia mbunifu wa maleba na fundi wa taa, ambao michango yao husahaulika upesi mno.

Mwongozaji Chipukizi:
Nawashukuru sana, walimu wangu. Daftari hatukuwa nalo, na tutalianza katika mazoezi yajayo. Nimebakiwa na swali moja: ikiwa tukio limeletwa na mmoja, likabadilishwa na wanne, liandikwe kwa jina la nani?

Mwigizaji Mkongwe:
Waandikeni wote watano, na mbele ya kila jina muandike alichobadilisha.