Mrejesho: Nimechukua ngalawa, mashua nimeiacha

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza: kwa shilingi 900,000, chombo changu cha kwanza cha tanga kiwe ngalawa (mtumbwi wa gogo wenye mirengu) iliyotumika au mashua ndogo ya mbao? Wengi mlisema ngalawa. Na aliyenishauri nitembee na kisu, nichome mbao nione kama zimeoza, Mungu ambariki. Ile mashua niliyoipenda, yenye rangi mpya inayong'aa, kisu kilizama karibu na mkuku (ubao mkuu wa chini) kama kwenye papai. Mwenyewe akanuna. Nikaaga.

Ngalawa nimeipata Bagamoyo kwa 650,000. Gogo ni la mwembe, lina ufa mdogo upande wa tezi, yaani nyuma. Fundi ameuziba kwa kalafati ya pamba iliyolowekwa mafuta ya nazi. Mirengu (miti ya pembeni inayoizuia kupinduka) mizima, ila kamba zilizoifunga zilikuwa zimeoza, nimebadilisha zote. Tanga ni viraka vitupu (mke wangu analiita shuka la bweni), lakini upepo linashika.

Kusi, upepo wa kusini, bado kali, kwa hiyo natoka asubuhi tu, na mzee mmoja anayenifundisha kubisha, yaani kwenda kinyume cha upepo kwa tanga. Juzi nilishindwa kabisa, tukarudi kwa kupiga kafi. Mzee alicheka njia nzima.